Hakuna Fungu

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea ualimu katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nikafundisha kwa miaka thelathini na minane, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi katika mwambao huu wa kaskazini ya Dar es Salaam. Sasa nina umri wa miaka sabini na sita. Sina cheo cha kupoteza wala kura ya kuomba. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema waziwazi, na atakayechukia na achukie.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Bagamoyo nikisubiri gari la Makumbusho. Palikuwa na bibi mmoja, makamo yangu, akiwa na mjukuu wake wa kiume wa miaka tisa hivi mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto alikuwa ameketi katika kigari cha magurudumu. Walikuwa wanakwenda hospitali Dar es Salaam kwa mazoezi ya viungo. Gari la kwanza likaja, utingo akatazama kigari, akageuza uso. La pili likaja. Utingo akasema, "Bibi, kigari hicho kinakula siti mbili, utalipia?" Bibi akasema hana. Gari la tatu ndilo lililowachukua, baada ya abiria mmoja kumlipia siti ya ziada. Nilitazama saa yangu: bibi yule alikuwa amesimama pale juani saa moja na dakika ishirini.

Sitaki nieleweke kwamba namlaumu utingo. Yule kijana ana hesabu ya kupeleka jioni kwa mwenye gari, na kila siti isiyolipiwa inatoka mfukoni mwake. Tumemkabidhi mfanyabiashara kazi ambayo si yake, halafu tunamkasirikia kwa kufanya biashara. Swali langu nalielekeza juu zaidi: nani katika nchi hii ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto asiyeweza kutembea anafika shuleni na hospitalini? Maana kila niliyemwuliza amenionyesha kidole kwa mwingine.

Jambo hili si geni kwangu. Lina historia, na katika historia hiyo mimi mwenyewe nimo, tena si upande mzuri.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini. Sitaitaja shule wala wilaya, maana waliohusika wengine wametangulia mbele ya haki na wengine bado wako hai. Darasa la kwanza aliandikishwa mtoto aliyepooza miguu yote miwili kwa polio. Kwao palikuwa mbali, zaidi ya kilometa sita, ng'ambo ya bonde ambalo masika hujaa maji. Mama yake alimleta mgongoni. Kila siku ya Mungu alimbeba, akamkalisha darasani, akaenda shambani, akarudi mchana kumchukua. Mtoto alikuwa na akili ya kupita kiasi. Hesabu alizifanya kichwani kabla wenzake hawajapata chaki.

Darasa la kwanza likaisha, la pili likaisha. Lakini mtoto hukua, na mgongo wa mama haukui. Alipofika darasa la tatu mama alikuwa na mimba nyingine. Mtoto akaanza kuja siku tatu kwa wiki, kisha siku moja. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio, na nilikuwa na maagizo: mwanafunzi asiyefika bila ruhusa ni mtoro, na mzazi wa mtoro anaitwa ofisi ya kijiji. Nikaandika neno hilo. Nikamwita yule mama. Alikuja na tumbo lake, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, kisha nikamsomea sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nimlete na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika barua halmashauri. Nilieleza kwa kirefu, nikaomba lori lililokuwa likipita barabara ile karibu kila siku liagizwe limchukue mtoto huyu asubuhi. Baada ya miezi minne nikajibiwa. Barua ilikuwa fupi: suala langu limezingatiwa, lakini hakuna fungu la usafiri wa wanafunzi. Mtoto hakurudi shule tena. Katika kumbukumbu za shule ile, kama mchwa hawajazila, sababu ya kuacha masomo bado imeandikwa kwa mwandiko wangu: utoro.

Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo mawili, "hakuna fungu", mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nataka leo tuyachunguze.

Kwanza, je, hakuna sheria? Sheria zipo tele. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikatungiwa sheria upya mwaka 1982 na kurudi kazini mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1982 Bunge lilitunga sheria mbili juu ya watu wenye ulemavu, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, na ile ya matunzo ilizitaja serikali za mitaa miongoni mwa wenye wajibu. Ikaja Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na ya watu wenye ulemavu mwaka 2004. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unautaja usafiri waziwazi. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mtoto, inayoipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na kamati zake zikapangwa kushuka mpaka kijijini. Kwa hiyo karatasi haikukosekana. Kilichokosekana ni tairi.

Pili, husemwa kwamba kumbeba mlemavu au mzee ni kazi ya jamaa zake. Hoja hii ina heshima yake, maana sisi si watu wa kutupa wazee wetu. Lakini tazama inavyotumika. Tunapojenga shule hatuwaambii jamaa wamfundishe mtoto wao nyumbani. Tunapochimba kisima hatusemi kila ukoo na uchimbe chake. Ujamaa wa familia hukumbukwa pale tu halmashauri inapotaka kuokoa pesa. Na katika familia, wa kubeba ni nani? Si baba, ndugu msomaji. Ni mama, bibi, au dada mkubwa ambaye naye anaachishwa shule ili amsukume mdogo wake. Kwa kukosa usafiri wa mtoto mmoja tunapoteza wanafunzi wawili.

Tatu, husemwa kwamba watoto hawa wana shule zao za bweni. Ni kweli zipo, na baadhi zimefanya kazi ya kusifiwa. Mtoto kiziwi anahitaji mwalimu wa lugha ya alama, na asiyeona anahitaji wa nukta nundu, na walimu hao hawapatikani kila kata. Lakini mtoto ambaye akili yake, macho yake na masikio yake ni mazima, kasoro yake ikiwa ni miguu tu, bweni la nini? Tunamtoa Yombo au Fukayosi akiwa na miaka saba, tunampeleka mkoa mwingine akalie mama yake usiku, kwa sababu tumeshindwa kumsogeza kilometa sita. Hapo tumemhamisha mtoto ili tusiguse bajeti.

Nne, husemwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Kweli Uingereza, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, halmashauri hulazimika kumpa usafiri wa bure mtoto asiyeweza kutembea kwenda shule kwa sababu ya ulemavu wake. Na haki ya Mungu niseme yote: halmashauri za huko nazo zinalalamika kwamba gharama zimepanda mno, kwa kuwa wakati mwingine teksi nzima humbeba mtoto mmoja. Mimi sitaki tuige teksi zao. Nataka tuige swali lao. Wao hubishana namna ya kumbeba mtoto. Sisi bado tunabishana kama abebwe.

Lakini kwa nini niende Uingereza? Jibu liko hapa hapa kwetu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2013 ulianza kujaribiwa Kanda ya Ziwa mpango wa usafiri wa dharura kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga, uitwao m-mama. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua rasmi kwa ajili ya nchi nzima. Unafanya kazi hivi. Mama akipatwa na tatizo la uzazi, yeye, jamaa yake au mhudumu wa afya anapiga namba 115, bila malipo. Anayepokea anauliza maswali na kupima hali. Kama gari la wagonjwa liko karibu, linatumwa. Kama haliko, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye ameandikishwa na kuelekezwa mapema. Dereva akishamfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu. Basi. Hakuna jengo jipya, hakuna msafara wa magari mapya. Kuna orodha, kuna namba, kuna dereva anayejulikana, na kuna malipo yasiyochelewa.

Soma tena aya hiyo, mheshimiwa diwani. Vitu vyote ambavyo tuliambiwa tangu miaka ile haviwezekani, vimewezekana. Ilisemekana vijijini hakuna magari: yamepatikana. Ilisemekana madereva binafsi hawaaminiki: wameandikishwa. Ilisemekana kulipa safari moja moja ni usumbufu wa kihasibu: simu inalipa. Nani aliyeifanya isiyowezekana ikawezekana? Serikali iliamua kwamba mama asife njiani. Uamuzi ulitangulia, fungu likafuata nyuma. Kwa hiyo "hakuna fungu" maana yake ni "hatujaamua". Na kama hamjaamua, semeni hivyo mbele ya yule bibi wa stendi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na siwezi kuondoka bila kuandika ubaoni. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Tuchukue bajaji moja. Dereva aliyeko kwenye foleni ya stendi ana hesabu ya bosi kila jioni, na safari ya uhakika asubuhi na mchana kwake ni neema. Tuseme akubali shilingi 10,000 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa njia moja yenye watoto watatu. Kwa mwaka mzima ni shilingi 1,940,000. Kwa kila mtoto ni kama shilingi 647,000. Bajaji kumi, watoto thelathini, shilingi 19,400,000. Pengine bei yangu iko chini kwa njia mbovu. Iongezeni nusu, bado hamtafika milioni thelathini. Sasa kila diwani na achukue kitabu cha bajeti ya halmashauri yake, aweke tarakimu hii kando ya fungu la posho, la mafuta na la viburudisho vya vikao, halafu atuambie kipi kilikuwa kikubwa mno.

Tena tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa kasoro za usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Kwa nini kikundi cha watu wenye ulemavu kisikopeshwe bajaji, halafu halmashauri hiyo hiyo ikaingia nacho mkataba wa kupeleka watoto shule? Mkopo ungerudi, maana mteja ni halmashauri yenyewe. Mtoto angefika shule. Na angeona kila asubuhi mtu mzima mwenye ulemavu akifanya kazi na kulipwa. Somo hilo hakuna mwalimu anayeweza kulifundisha ubaoni.

Kuna jambo moja la kuangaliwa sana, nami sitalificha kwa sababu ni mtetezi wa mpango huu. Mtoto mwenye ulemavu, hasa wa kike, akikabidhiwa kwa mtu yeyote mwenye pikipiki anaweza kudhuriwa, na pengine hawezi hata kusimulia. Kwa hiyo sisemi mpeni pesa bodaboda yeyote. Dereva ajulikane kwa serikali ya kijiji, achunguzwe, njia yake iwe moja, saa zake ziwe zimeandikwa, na watoto wasafiri pamoja, na kwenye kila njia pawe na mama mmoja wa kuwasindikiza pale inapohitajika. Mwalimu wa zamu atie saini wanapofika. Hayo hayagharimu pesa nyingi. Yanagharimu kujali.

Nimesema habari za watoto kwa sababu ndio niliowajua kazini. Lakini sasa mimi ni mzee, na uzee umenifungulia darasa jingine. Mke wangu alipata kiharusi. Serikali inasema mzee wa miaka sitini na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na ni neno jema. Lakini dawa ya bure iko mbali na kitanda chetu. Kwenda kliniki ya rufaa na kurudi kwa gari la kukodi hugharimu kuliko vidonge vyenyewe. Mimi nina pensheni na nina watoto wanaonikumbuka. Jirani yangu, mvuvi wa zamani, hana lolote kati ya hayo, na mara mbili nimemwona ameacha kwenda kliniki kwa kukosa nauli. Matibabu bure, njia ya kulipia: huko ni kumpa mtu ufunguo ukamwondolea mlango.

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, magari ya halmashauri ni machache." Ndiyo, ni machache. Lakini nimekaa kando ya barabara miaka mingi, na macho yangu bado yanasoma namba za SM. Unapokuja Mwenge wa Uhuru, magari yanapatikana, na mimi siupingi Mwenge. Nimewapanga wanafunzi wangu kuupokea mara nyingi. Inapofika tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, na tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, nimeona zaidi ya mara moja basi likipita vijijini asubuhi kuwakusanya walengwa. Wanavalishwa fulana, wanakalishwa kwenye turubai, mgeni rasmi anasoma risala, jioni wanarudishwa mpaka mlangoni. Kwa hiyo basi lipo, njia inapitika, na majina yao na nyumba zao vinajulikana. Kesho yake ukiuliza habari za kliniki au shule, unaambiwa hakuna fungu. Basi linaweza kuwafuata wakatupigie makofi, lakini haliwezi kuwafuata wakasome?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaohitaji kubebwa. Lakini hata wachache wao ni jeshi kubwa, na hujafa hujaumbika. Diwani anayekataa leo, kiharusi hakimwulizi kata yake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa sokoni, mtu mzima mmoja akaniita kwa jina la kazi. Alikuwa ameketi chini nyuma ya mafungu ya nazi na ndimu, miguu yake imekunjwa chini yake. "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kabla hajajitaja. Tuliongea habari za nyumbani. Mama yake alikwisha fariki. Nilinunua nazi saba na ndimu za mia tano, na kabla sijamaliza kufikiri akanitajia jumla na chenji yangu, bila kalamu. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniuliza tu kama shule bado ipo pale pale ng'ambo ya bonde. Nikasema ipo. Akatikisa kichwa, akanifungia nazi zangu.

Sina uwezo wa kulifuta neno nililoliandika miaka ile. Lakini naweza kuomba lisiandikwe tena. Mipango ya halmashauri huanzia kijijini na kupanda mpaka Baraza la Madiwani, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kila mzazi, kila mwalimu mkuu na kila mzee mwenye kuweza kusimama na asimame katika mkutano wa kijiji aulize: katika kijiji hiki ni watoto wangapi na wazee wangapi wasioweza kufika shule au zahanati kwa miguu yao, wanaitwa nani, na mwaka huu watafikishwa na nini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yapelekwe kata, yapelekwe halmashauri. Wakijibu hakuna fungu, waulizwe ni nani aliyepiga kura ya kutoliweka, na jina lake lisomwe mkutanoni.

Swali lenyewe si langu. Ni la yule mama, na limesubiri jibu karibu miaka arobaini: nimlete na nini?